Neno la Simu

Wifi yangu hamumunyi maneno, na mimi ninayemwandika ni wale wale, kwa hiyo msomaji usitegemee kubembelezwa. Ameolewa na mdogo wangu wa kiume. Kwa miaka ishirini tumetaniana, tumenuniana, tumegombania sufuria za mama, na bado nikiwa na jambo zito yeye ndiye ninayemwendea kwanza. Mimi ni nesi mkuu wa kliniki yenye vyumba sita. Yeye anaandika programu za kompyuta. Ofisini kwao wanamwita Bi Daftari. Waliompa jina hilo walikuwa wanamcheka, na leo ni wao hao hao wanaolitamka kwa adabu.

Nianze na daftari lenyewe. Kabla ya kompyuta, wifi alikuwa karani wa mapokezi pale kliniki kwetu. Alikaa miaka kumi na mmoja nyuma ya kioo chenye tundu la mviringo, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isitembee. Kazi yake ilikuwa kuandikisha wagonjwa, na majibu ya vipimo yakitoka maabara, kuwapigia simu. Hapo ndipo penye ugumu. Wengi wanaokuja kwetu hawana simu ya peke yao. Simu ni ya nyumba nzima. Anaishika mume, au mama mkwe, au jirani mwenye duka. Ukipiga ukasema "majibu yako tayari", umeshawaambia watu sita.

Basi wifi alibuni utaratibu wake. Akishamwandikisha mgonjwa, anasogeza mdomo kwenye lile tundu na kuuliza kwa sauti ya chini, "Nikipiga, niseme nini?" Mgonjwa anachagua maneno yake mwenyewe, na wifi anayaandika kwenye safu ya tano ya daftari. Dobi mmoja alitaka aambiwe mashuka yamekauka. Mama mmoja wa watoto saba alitaka aambiwe mjomba amefika salama, na mjomba mwenyewe alishafariki zamani. Askari mmoja mstaafu alisema, "Mimi niambie tu kama nimekufa au sijafa. Simu ni yangu." Hilo nalo liliandikwa. Kliniki nzima tuliita kitu hicho neno la simu. Hakuna mkubwa aliyetuagiza na hakikuwa kwenye mwongozo wowote, lakini kwa miaka kumi na mmoja hakuna mgonjwa wetu aliyeaibishwa na simu.

Kisha kompyuta zikaja na kazi ya karani ikafutwa. Aliyemletea barua alimwambia sasa atapata muda wa kupumzika. Kumwambia wifi yangu apumzike ni kumtukana. Wiki ile ile alijiandikisha kwenye masomo ya jioni ya kuandika programu, akiwa na miaka thelathini na tisa. Mama yangu, ambaye ni mkwe wake, alikuja juu.

"Mtu mzima unakwenda kubanana na watoto darasani? Watu watasema nini?"

"Watasema tu, mama," wifi akajibu, huku akimpokea kikombe. "Midomo ni yao."

Alisoma miaka mitatu. Alifeli mtihani wa kwanza, akaurudia, akafeli tena, akaurudia. Muda wote huo hakuacha kuipigia simu ile kampuni iliyotengeneza mfumo wa kliniki yetu. Kila Jumatatu aliwasomea orodha ya kasoro, nyingine nilimpa mimi. Mwishowe walimwajiri. Nadhani waliona heri awapigie kelele akiwa ndani, kuliko kuendelea kuziba masikio.

Mfumo wenyewe, ambao sasa ulikuwa unaongezewa kazi ya kutuma taarifa za majibu, nitaueleza kama alivyonieleza yeye jikoni kwangu, akikatakata vitunguu. Maabara yetu iko jengo jingine, mtaa wa pili, na ina mashine zake. Kipimo kikikamilika, mashine ya maabara inabisha hodi kwenye mfumo wa kliniki. Inasema, kuna tukio, lipokee. Tukio linakuja na data zake tano, ambazo ni namba ya mgonjwa, jina, aina ya kipimo, namba ya simu na saa. Mfumo unalipokea, unaliweka kwenye foleni, na zamu yake ikifika unatuma ujumbe wenyewe, bila mkono wa mtu. Kazi ya kupokea hizo hodi haikuandikwa na kampuni yao. Waliichukua kwenye kile wanachokiita maktaba, yaani programu iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuitumia.

"Ni maktaba nzuri, sina ugomvi nayo," wifi alisema. "Ila tukio lao lina vyumba vitano tu. Neno la simu halina pa kulala."

Nilimwelewa vizuri, kwa sababu wiki moja kabla, mfumo ukiwa bado kwenye majaribio ya kazi hiyo, ulikuwa umeshatuumiza. Kulikuwa na mwalimu wa chekechea, mgonjwa wetu wa siku nyingi. Simu aliyoandikisha ilikuwa ya mama mwenye nyumba wake. Katika daftari neno lake lilikuwa "kikao kimeahirishwa". Mfumo haukujua hayo. Ulituma jina lake kamili, jina la kipimo, na maneno "majibu yako tayari, fika kliniki". Kipimo kilikuwa cha ugonjwa ambao watu wakiusikia wanaanza kutenga vikombe. Kufikia Ijumaa, wazazi wanane walikuwa wamewaondoa watoto wao darasani kwake. Majibu yenyewe yalikuwa safi! Hakuna aliyesubiri kuyasikia. Mwalimu alihama mtaa, na mimi nilimsaidia kubeba masanduku huku nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijaisha.

Wifi alipeleka habari hiyo kwa bosi wake, bwana mmoja mwembamba ambaye wote wanamwita Injinia. Ofisi yao iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na feni yao inalia kama ina jino bovu. Injinia alimsikiliza mpaka mwisho, akasikitika, kisha akatia ngumu.

"Maktaba haiguswi, Bi Daftari. Maelfu ya watu duniani wanaitumia hivyo hivyo ilivyo."

"Hao maelfu wana simu zao."

"Wagonjwa watazoea."

Hilo la kuzoea ndilo lililompandisha mori. Alirudi mezani kwake, akafungua maelezo ya ile maktaba, na kwa siku nne hakufanya kitu kingine. Aliyasoma neno kwa neno, kamusi pembeni, kama mtu anayesoma hati ya nyumba ambayo wanataka kumfukuza. Siku ya nne alinipigia simu kliniki, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemkamata mwizi.

"Wifi, nimelipata. Wenye maktaba wenyewe wameacha mlango wazi. Wanasema ukitaka, tengeneza tukio lako. Linarithi vyumba vyao vitano vyote, halafu unaongeza vyako. Kisha unaiambia maktaba, hodi ya maabara ikija usitumie tukio lako, tumia hili langu. Sigusi hata mstari wao mmoja. Injinia hajawahi kufika ukurasa huo."

"Sasa?"

"Sasa tafuta lile daftari."

Daftari lilikuwa kabatini, chini ya maboksi ya glavu. Kwa wiki mbili, mchana wagonjwa wakipungua, mimi na manesi wawili tulikaa kunakili maneno ya simu kwenye rekodi za wagonjwa, kila mtu na lake. Wasiokuwa nalo tuliwauliza walipokuja. Huko ofisini wifi aliandika tukio lake. Hodi ikiingia, tukio linakwenda kwanza kwenye rekodi ya mgonjwa, linachukua neno lake la simu, linaliweka chumba cha sita, ndipo linaingia kwenye foleni. Na akaweka sharti. Kama neno lipo, ujumbe ni neno hilo peke yake, bila jina la mtu wala la kipimo. Kama halipo, hakuna ujumbe unaokwenda kwa mgonjwa. Taarifa inakuja mezani kwetu manesi, tutafute njia ya kumpata.

Katika siku hizo ndipo alipokuja fundi cherehani. Ni mwanamke wa makamo, kidole cha shahada kimejaa alama za sindano. Nilimchukua damu mwenyewe, nikamwambia majibu yatatoka Alhamisi ya wiki inayofuata. Akabaki amekaa.

"Nesi, simu yetu ni moja, na inakaa mfukoni mwa mume wangu. Si mtu mbaya. Ila ni mtu wa kuuliza, na akishajua yeye wanajua dada zake. Nataka safari hii nijue mimi kwanza. Mwili si wangu?"

"Ni wako. Niseme nini kwenye simu?"

Alifikiri kidogo. "Sema kitambaa cha kijani kimefika."

Nikaandika, nikamwahidi kwamba hakuna kitakachofika kwenye simu ile zaidi ya maneno hayo manne. Nilimtazama machoni nilipokuwa naahidi. Haya, ujue kwamba makabidhiano ya mfumo, yaani kampuni kutukabidhi uanze kazi hiyo rasmi, yalipangwa Jumatano ya wiki hiyo hiyo. Maana yake, Alhamisi mashine ya maabara ikibisha hodi, mfumo ungetuma ujumbe papo hapo, na ungetuma ule utakaokuwa umewekwa, uwe wa wifi au uwe wa Injinia.

Ijumaa iliyotangulia tulifanya jaribio, na mgonjwa wa jaribio nilikuwa mimi. Wifi aliniwekea neno "viatu vimeshonwa", akachagua kipimo cha kwanza kwenye orodha bila hata kukitazama, akabisha hodi ya uongo. Nilikuwa nimeisahau simu yangu nyumbani, mezani, mbele ya mama yangu. Nikaona si kitu. Atasoma viatu, basi.

Baada ya robo saa simu ya mezani ya kliniki ikalia.

"Una miaka hamsini na miwili!" Ilikuwa sauti ya mama. "Hamsini na miwili! Na mume ulimzika! Nani huyo?"

"Nani, nani, mama?"

"Hapa wameandika, tena kwa jina lako lote, majibu ya kipimo cha ujauzito yako tayari!"

Niliporudi nyumbani nilikuta shangazi watatu sebuleni wamekaa kwa mstari. Mmoja alikuwa ameshaanza kupendekeza majina ya mtoto. Nilieleza, nikaeleza tena, nikaapa. Mdogo wangu, mume wa wifi, aliangua kicheko mpaka akatoka nje. Mama hakucheka, na kwa kweli hata mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namwona fundi cherehani. Wifi alifika akaketi kwenye ukingo wa kiti, akaomba simu, akautazama ujumbe ule kwa muda mrefu.

"Kosa ni langu," alisema mbele ya wote. "Na si dogo. Tukio likiingia kwenye foleni linafungwa kama kifurushi, na likitoka linafunguliwa upya. Mimi nimemfundisha anayefunga. Anayefungua sikumfundisha. Yeye bado anajua vyumba vitano, kwa hiyo cha sita amekitupa, na sharti langu akalitupa pamoja nacho. Mama, nisamehe."

"Nikusamehe wewe?" mama akasema. "Basi huna mimba?"

Wifi alikaza roho. Jumamosi na Jumapili aliandika upya sehemu ya kufungua, akaijaribu mara ishirini na mbili, na kila mara kilichoingia kwenye foleni ndicho kilichotoka. Jumatatu asubuhi alimwendea Injinia akamweleza kila kitu, pamoja na lile kosa. Angeweza kulificha. Mimi ningelificha. Injinia alipolisikia alifurahi waziwazi.

"Umeona? Ndiyo maana nilisema. Rudisha kama ilivyokuwa, leo hii."

"Sirudishi."

"Bi Daftari, hili ni agizo."

"Nimelisikia. Sirudishi."

Jumanne kampuni ilituita mimi na wifi kwenye kikao cha mwisho kabla ya makabidhiano. Injinia alikuwa amechora mishale kwenye ubao mweupe, na jina la maktaba katikati limezungushiwa duara jekundu. Alizungumza muda mrefu kuhusu utaratibu, na jinsi kila anayekuja na kiraka chake anavyoharibu kazi ya wengine. Hakuwa mjinga, hilo nalikubali. Mfumo uliojaa viraka vya kila mtu ni balaa. Ila alikuwa anaongea kana kwamba upande wa pili wa ule mshale wa mwisho hakuna mtu.

"Mwisho wa mshale wako kuna nini?" wifi akamuuliza.

"Simu."

"Imeshikwa na nani?"

Injinia akafuta jasho. "Hilo si suala la kiufundi."

"Ndilo suala lenyewe. Nilikaa kwenye kioo miaka kumi na mmoja, bosi. Najua kila simu imeshikwa na nani. Wewe unataka nifute ninachokijua ili tukio liwe zuri kulitazama. Nifukuze kama unataka. Lakini ukinifukuza, barua iandike mwenyewe, ueleze kwamba ni kwa sababu nimekataa kuanika wagonjwa."

"Na hata akiondoka yeye," nikasema, "hati ya kupokea mfumo ina nafasi ya sahihi yangu. Bila chumba cha sita sisaini. Nitarudi kwenye daftari na kalamu yenye uzi, na nitamwambia kila anayeniuliza ni kwa nini."

"Nyinyi wawili mmekula njama?"

"Sisi ni mawifi," wifi akasema. "Hatujawahi kukubaliana kitu kabla ya leo. Ujue ni zito."

Kuna mtu alicheka huko nyuma. Injinia hakucheka, lakini aliuendea ubao, akasoma zile kurasa za maelezo ya maktaba ambazo wifi alikuwa amezichapisha na kuzibandika pembeni. Alizisoma zote, amesimama, wakati sisi tunasikiliza feni. Kisha akatoa hukumu. Chumba cha sita kitabaki mpaka Alhamisi jioni. Ujumbe mmoja ukienda vibaya, mmoja tu, kinatolewa, na Bi Daftari anatoka nacho. Wifi alisema sawa. Nilisaini Jumatano.

Alhamisi nilishindwa hata kunywa chai. Saa nne na dakika kumi, kwenye kioo cha kompyuta ya mapokezi, tukio la fundi cherehani likatokea. Limepokelewa. Liko kwenye foleni. Limetumwa. Sikuona lilichotuma, na siku hiyo ndiyo niliyojua jinsi dakika zinavyoweza kuwa ndefu. Wifi alipiga kutoka ofisini.

"Kimetoka kama nilivyokiweka," alisema.

"Una hakika?"

"Ninayo hakika ya mashine. Ya mfuko wa mume wa fundi sina."

Ilipita saa nzima. Nilimfunga mgonjwa mmoja bandeji, nikaifungua, nikaifunga tena. Ndipo fundi cherehani akaingia, ameshika kofia ya pikipiki, anahema, na anajizuia kucheka. Mumewe alikuwa ameusoma ujumbe, tena kwa sauti, akamgombeza kwa uzembe. Kitambaa cha watu kimefika na wewe umekaa tu? Kazi hutaki? Akampakia kwenye pikipiki, akaendesha mwenyewe mpaka mwanzo wa mtaa wa maduka ya vitambaa, akamshusha, akamwambia afanye haraka. Fundi alisubiri mumewe apotee kwenye kona, kisha akavuka barabara akaja kwetu.

Tuliingia chumba namba nne, nikafunga mlango. Nilimpa majibu yake. Aliuliza maswali mawili, nikayajibu. Kisha akasimama, akaninyooshea mkono kama mwanamume aliyemaliza biashara, akatoka. Alipitia dukani kweli, akanunua mita mbili za kijani.

Mchana Injinia alinipigia. Alikiri kwamba mambo yamekwenda sawa, tena kwa ungwana kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anaandika ripoti. "Na yule mama wa kitambaa," akauliza, "majibu yake yalikuwaje? Nataka niweke mfano kamili."

"Andika kwamba yamemfikia."

"Ndiyo, lakini yalisemaje?"

Nilimkatia simu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Jioni wifi alikuja, akavua viatu, akajimiminia chai, na yeye mwenye chumba cha sita hakuniuliza. Na wewe msomaji, ambaye tangu mlango wa chumba namba nne ulipofungwa umesogeza kiti karibu, ukingoja nikudokeze kidogo tu, kama majibu yalikuwa ya kutisha au hayakuwa, basi rudisha kiti chako. Aliyetaka kujua kwanza alijua kwanza, na baada yake hajaniruhusu nimwambie mtu.